Soketi ikikuchubua usikimbilie poda: mwongozo wa msuguano kwa sisi wa mguu bandia

Hii nawaandikia hasa waliokatwa chini ya goti, wanaovaa soketi (kile kikombe cha juu ya mguu bandia unachoingiza mguu wako) ya plastiki ngumu yenye laina ya povu, yaani bitana laini, ndani, maana ndo wengi wetu huku Bongo tunapewa. Wa juu ya goti na wenye laina za silikoni nitawagusa njiani, msinune.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza na mguu, mwezi wa pili, Dar, joto la kufa mtu, nimetembea kutoka Kariakoo mpaka Posta na kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, kinawaka. Nikapiga hesabu kama mtu mzima, kinachochubua ni msuguano, dawa ya msuguano ni utelezi, basi nikanunua poda ya mtoto nikaimwaga kwenye soketi kama mtu anayenyunyiza unga kwenye kibao cha chapati. Saa ya kwanza raha mustarehe, mpaka nikajiona mjanja. Saa ya pili nikaanza kuhisi nimesimama juu ya msumari, kumbe kigutu kimeteremka na ncha ya mfupa wa muundi imefika chini kabisa ya soketi. Mchana poda ikakutana na jasho ikawa uji, uji ukaganda vipunje, na vile vipunje ndo vilivyomalizia ngozi. Siku tisa niko kwenye magongo.

Nilivyorudi kwa fundi wa miguu bandia akaniangalia akacheka, akasema, "Kaka, nani kakwambia msuguano ni adui yako? Huo ndo unakubeba." Sikumwelewa siku ile. Nimekuja kumwelewa baadaye na ndo nataka niwaeleze hapa, hatua kwa hatua, kama nilivyojifunza kwa ngozi yangu.

HATUA YA KWANZA: fanya jaribio la kidole

Usiruke hapa, hii ndo mama wa mengine yote. Weka kidole cha shahada juu ya mgongo wa mkono wako wa pili. Bonyeza, halafu sukuma mbele taratibu bila kuruhusu kidole kiteleze. Umeona? Ngozi inaenda na kidole lakini mfupa chini umebaki palepale. Kidole hakijasugua kitu, ila ndani kuna mvuto, nyama za juu zinaenda huku na za chini zinabaki. Sasa ongeza nguvu mpaka kidole kichomoke kiteleze. Huo ndo mteleze, na ukirudia mara mia tano ngozi itachubuka. Mwisho paka mafuta kidogo urudie. Kidole kinapita tu, hakivuti ngozi, lakini pia hakishiki kitu.

Mambo matatu hayo ndo yanayotokea kwenye soketi kila hatua unayopiga. Kushika na kuvuta, kuchomoka na kusugua, au kuteleza moja kwa moja.

Sasa kushika kuna kazi gani? Bibi yangu alikuwa anaziba chupa ya mafuta ya taa kwa gunzi la mahindi. Gunzi kavu likikaa kwenye shingo ya chupa linashika, ukiligonga juu halizami. Lipake mafuta, ukiligonga kidogo tu linazama mpaka linakwama sehemu moja nyembamba. Kigutu ndo gunzi, soketi ndo shingo ya chupa. Mtu wa kilo 70 kila hatua anaweka mle ndani kilo zake zote na juu yake sehemu ya kumi au zaidi, na uzito huo una njia mbili tu za kupita kutoka mwilini kwenda kwenye plastiki. Ya kwanza ni soketi kuisukuma ngozi, hiyo ni presha. Ya pili ni kuta za soketi kuishika ngozi kwa pembeni isishuke, huo ni msuguano. Ukiondoa njia ya pili, mzigo wote unahamia ya kwanza, na utatua pale penye mfupa. Ndo maana poda ilinipeleka kwenye msumari. Ila ukizidisha ushikaji, ngozi inavutwa kila hatua, mishipa midogo ya damu inabanwa na kunyongwa, tabaka la juu la ngozi linaachana na la chini, maji yanajaa katikati, tayari una lengelenge.

Kwa wapenda namba: mwaka 1999 watafiti Ming Zhang na Arthur Mak wa Hong Kong walipima msuguano wa ngozi ya watu hai dhidi ya vitu vinavyotumika kwenye viungo bandia. Silikoni ilishika kuliko vyote, wastani wa 0.61, na nailoni ilishika kidogo kuliko vyote, 0.37. Maana yake kwa lugha ya mtaani, ukibanwa kwa uzito wa kilo 10 kwenda ndani, silikoni inaweza kushikilia kama kilo 6 za kuvutwa kushuka kabla haijateleza, nailoni haifiki hata 4. Hakuna aliyeshinda hapo, ni vifaa viwili vya kazi mbili tofauti. Ukishalielewa hilo umeshamzidi mtu aliyevaa mguu miaka kumi kwa kubahatisha.

HATUA YA PILI: soma ngozi kabla hujatibu chochote

Jioni ukivua, kaa penye mwanga, chukua kioo kidogo uangalie kigutu pande zote hadi nyuma ya goti na chini kabisa. Mwenye kisukari, hii sio hiari. Wewe unaweza usisikie maumivu kabisa na huku ngozi imeshaisha, kioo ndo macho yako na maumivu yako.

Utaona wekundu, au kwa ngozi nyeusi kama yangu utaona weusi uliozidi, mng'ao, na ukigusa kuna joto. Kuwepo kwa alama sio kosa. Chini ya pia ya goti, pale penye kano, soketi imetengenezwa ibonyeze, vilevile upande wa ndani wa mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, na nyama za nyuma. Hizo ni sehemu za kubeba. Sehemu za kuhurumiwa ni kile kifundo cha mfupa mdogo upande wa nje chini ya goti, ukingo wa mbele wa muundi, na ncha yake ilipokatwa. Pia kano mbili za nyuma ya goti. Alama ya sehemu za kubeba inatakiwa ipotee ndani ya kama dakika kumi. Ikikaa nusu saa, au ikiwa sehemu ya kuhurumiwa, hapo kuna kesi.

Na alama zenyewe zinaongea lugha tofauti, hili wengi hawajui wanaziita zote "kuchubuka". Alama ya duara, imezama, inauma ukiibonyeza, hiyo ni presha, na ukiweka kitu cha kuteleza juu yake hujasaidia. Lengelenge lenye maji, au ngozi iliyokunjamana kama imesukumwa upande mmoja, hiyo ni kuvutwa. Mchubuko mrefu kama msitari karibu na mdomo wa soketi ni mteleze, mguu unapanda na kushuka. Vipele vidogo vilivyotapakaa kila mahali, hapo shuku jasho, sabuni ambayo haikusuuzwa kwenye soksi, au ulinyoa kigutu (usinyoe, vinyweleo vinarudi ndani na soketi inavichokonoa). Halafu kuna moja mbaya, chini kabisa ya kigutu ngozi inakuwa ngumu, nyeusi, imevimba, inatoa maji au inaota kama sugu zenye mikunjomikunjo. Hiyo mara nyingi kigutu kinaning'inia, hakigusi chini, kimebanwa juu kama kizibo na huku chini damu na maji vinavutwa. Hiyo usiitibu nyumbani.

HATUA YA TATU: tafuta pale panapoteleza

Hapa kuna majaribio ya bei ya bure.

La kalamu: vaa mguu kama kawaida, simama, chora kwa kalamu msitari kwenye soksi sawasawa na ukingo wa soketi au laina. Sasa nyanyua mguu hewani, uache uning'inie, umwombe mtu aangalie msitari umepanda juu ya ukingo kwa kiasi gani. Ukitokeza milimita chache sawa. Ukitokeza upana wa kidole, ndugu yangu unapiga pampu, kila hatua kigutu kinapanda kikishuka mle ndani kama bomba la baiskeli, na hakuna poda wala mafuta duniani yatakayokusaidia. Unachotakiwa kutafuta ni kwa nini mguu haushiki, mkanda umelegea au soketi inapwaya.

La lipstiki: nimeazima ya mke wangu mpaka kanunua nyingine. Paka doa dogo pale panapouma, juu ya ngozi au juu ya soksi nyembamba, vaa mguu bila kuzungusha, kanyaga mara kadhaa, vua kwa uangalifu. Rangi itakuwa imegonga kwenye laina mahali husika. Ila angalia na umbo lake. Likitoka doa lilelile la duara, pale panabonyezwa. Likitoka limeburuzwa kama mkia wa kimondo, pale panateleza, na mkia unakuonyesha upande gani. Piga picha, mpelekee fundi, utaona anavyofurahi.

La donge: chukua unga uliokandwa wa chapati, donge dogo kama gololi, lizungushie plastiki nyembamba, lidondoshe chini ya soketi, vaa, simama kwa uzito wako wote kisha utoe. Likiwa limebaki gololi, kigutu hakifiki chini, kinaning'inia. Likiwa limekuwa karatasi kabisa, umezama sana, soksi hazitoshi. Linatakiwa libonyee bila kuisha.

HATUA YA NNE: rekebisha ujazo kwanza, msuguano baadaye

Kigutu sio mti. Asubuhi kimejaa, mchana kimesinyaa, ukinywa maji kidogo siku ya joto kinasinyaa zaidi, ukilala bila bendeji kinavimba. Mwaka wa kwanza na wa pili ndo balaa, kinapungua mwezi hadi mwezi. Soketi yenyewe haijui hayo, imekaa vilevile ilivyopigwa plasta. Kwa hiyo saa tano asubuhi mguu uliokubana vizuri saa moja unaanza kupwaya, na ukipwaya presha ya kuta inapungua, na msuguano unategemea presha, bila kubanwa hakuna kushika. Hapo unaanza kuzama na kuteleza kwa pamoja. Watu wengi hapo ndo wanalaumu laina imeisha au jasho, na kumbe ni soksi moja tu.

Soksi za kigutu zinakuja kwa unene, kliniki wanaita plai. Plai moja nyembamba, plai tatu ya kati, plai tano nene. Ukihisi pia ya goti inakaa chini kuliko kawaida yake kwenye soketi, au ncha ya muundi inagonga, au unasikia mguu unapiga "pwa pwa" ya hewa ukitembea, ongeza plai moja, tembea hatua ishirini, usikilize. Bado? Ongeza nyingine. Ukihisi kigutu hakishuki, kano ya chini ya goti imekaa juu ya pale inapotakiwa kubonyezwa, na unajiona mrefu upande mmoja, umezidisha, punguza. Ukijikuta kila siku unahitaji kitu kama plai kumi na zaidi ndo soketi ikae, hizo sio soksi tena ni godoro, nenda ukapimwe soketi mpya.

Na jamani, soksi za mpira wa miguu sio soksi za kigutu. Nilishavaa. Ina mshono wa vidole pale mbele, ule mshono ukakaa juu ya ncha ya muundi, nusu siku nikatoka na lengelenge refu limenyooka kama limechorwa kwa rula. Mkunjo mmoja wa soksi unafanya vivyo hivyo. Mkunjo unabeba presha ya eneo kubwa kwenye uzi mwembamba na pembeni yake ngozi inavutwa pande mbili. Soksi iliyotoboka vilevile, ngozi inachungulia kwenye tundu na kingo za tundu zinaikata. Itupe, usiishone.

HATUA YA TANO: panga tabaka, amua nini kiteleze juu ya nini

Hii ndo hila yenyewe na ukiipata umepona. Huwezi kuzuia mwendo wote mle ndani, kutakuwa na kateleze kidogo tu. Swali ni kateleze hako katokee wapi. Kakitokea kati ya ngozi na soksi, ngozi inalipa. Kakitokea kati ya soksi na soksi, nguo inalipa, na nguo haina mishipa ya damu.

Kwa hiyo anza na soksi ya nailoni nyembamba, ile kama stokingi, moja kwa moja kwenye ngozi, ivutwe ikae kama ngozi ya pili bila mkunjo. Juu yake soksi ya pamba kulingana na ujazo. Pamba inanyonya jasho, nailoni inapitisha jasho kwenda kwenye pamba na yenyewe inabaki laini, na pamba ikivutwa na laina inateleza kidogo juu ya nailoni badala ya kuburuza ngozi. Mimi hii peke yake ilipunguza malengelenge yangu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kununua. Kama huna nailoni ya kliniki, wapo wanaokata stokingi ya kawaida ya mwanamke wakaondoa mshono wa vidole, inafanya kazi ila inaisha haraka na usiache fundo chini.

Wa laina za silikoni, zile zinazobiringishwa, kwenu sheria ni kinyume. Silikoni imewekwa ili ishike ngozi isiachane nayo, na mwendo utokee nje ya laina. Hivyo usivae soksi chini yake wala usimwage poda ndani, utakuwa umevunja kitu kilichonunuliwa kwa bei ile. Soksi zako ni za juu ya laina. Unapoivaa igeuze nje ndani yote, weka kitako chake kigusane na ncha ya kigutu bila hewa katikati, halafu ibiringishe kupanda. Usiivute kama suruali, ukivuta umeshainyoosha ngozi na itabaki imevutwa siku nzima, jioni juu kwenye ukingo una malengelenge na hujatembea hata kilomita.

Wa juu ya goti wenye soketi ya kunyonya hewa, mnajua ule mtihani wa kuvuta nyama ndani kwa kitambaa kupitia tundu la valvu. Kitambaa kiwe cha kuteleza, kitambaa kikavu cha pamba kinaacha nyama zimebaki juu ya ukingo karibu na kinena na hapo ndo panapochubuka.

HATUA YA SITA: jasho

Ngozi kavu inashika kiasi. Ngozi yenye unyevunyevu inashika zaidi, jaribu kufungua kurasa za gazeti na kidole kikavu na kidole ulichokilamba. Ila ngozi iliyoloa chepechepe maji yanakaa katikati na inaanza kuteleza, na juu ya hapo imelainika, inachubuka kwa nguvu ndogo tu. Kwa hiyo jasho linakupitisha kwenye hali zote, asubuhi inashika sawa, saa nne inavuta kupita kiasi, saa nane inateleza. Kwa pwani yetu hii huwezi kulikwepa, unaweza tu kulikatisha.

Panga kituo kimoja mchana. Mimi saa saba nikishakula natafuta pa kukaa, navua, napangusa kigutu na ndani ya laina kwa kitambaa kikavu, nasubiri dakika tano upepo upite, navaa nailoni na soksi nyingine kavu, zile zilizoloa zinaingia kwenye mfuko usiopitisha maji. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kuvua mguu mbele za watu. Siku moja kondakta wa daladala aliniona navua stendi akaniuliza, "Broo, hiyo inachajiwa?" Tangu hapo aibu imeisha.

Dawa ya kuzuia jasho ya kwapani inasaidia wengine, ila inapakwa usiku kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha na asubuhi inaoshwa. Kigutu kioshe usiku pia, sio asubuhi, kwa sababu ngozi iliyotoka kuoga imejaa maji na ukiitumbukiza kwenye soketi palepale unaianzisha siku ikiwa laini. Mafuta ya mgando vilevile ni ya usiku. Soksi zifuliwe kila siku, zisuuzwe mpaka maji yawe meupe, chumvi ya jasho ikikaukia kwenye pamba inakuwa kama msasa. Laina ya povu ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ikauke kivulini, usiiweke juani juu ya bati ikajikunja.

Na poda? Punje kidogo sana, kwenye ngozi kavu, siku utakayokaa ofisini, hewala. Siku ya kutembea iache nyumbani.

HATUA YA SABA: punguza msuguano mahali pamoja tu

Kama umefanya yote hayo na bado kuna sehemu moja, moja tu, inayotoa lengelenge kila wiki, tuseme juu ya kovu lililogandamana na mfupa, hapo sasa ndo unatafuta utelezi, tena wa kiraka. Kuna viraka vyembamba vya PTFE, ile nyenzo inayopakwa kwenye kikaango kisichoshika chakula. Vinabandikwa kwenye laina au soketi, SIO kwenye ngozi, sawasawa na doa la lipstiki na vikubwa kidogo kulizidi, ili kuta nyingine zote ziendelee kushika na pale tu pateleze. Ukibandika soketi nzima umerudi kwenye poda yangu. Huku kwetu havipatikani kirahisi, muulize fundi wako, wengine wanaagiziwa na ndugu walioko nje. Kovu lenyewe lisugue kwa vidole kila usiku likishapona kabisa, mviringo mdogomdogo, ukisogeza ngozi juu ya mfupa kama lile jaribio la kidole. Kovu linalosogea halivutwi sana.

HATUA YA NANE: peleka kwa fundi, na umpelekee habari

Wataalamu wengi wa viungo wa kwetu wamepita pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza 1981 kwenye hospitali ya KCMC Moshi, na soketi ya plastiki ile ya polipropilini wanaweza kuipasha moto wakaisukuma nje milimita chache pale penye mfupa, au wakaongeza kipande kwenye laina ili uzito uhamie sehemu za kubeba. Ni kazi ya dakika. Wewe usijaribu na kisu cha moto. Nilishawahi kugundisha kipande cha kandambili ndani ya laina yangu nikidhani nimeweka mto, kumbe nimeweka ngazi. Ukingo wa kile kipande ulinitoboa kabla ya swala ya alasiri.

Ukifika usiseme "inauma" tu. Sema inauma wapi, hatua ipi (kisigino kikigusa, katikati, au ukinyanyua), saa ngapi ya siku, na plai ngapi umevaa. Na mtaje kiatu. Watu wanasahau kiatu! Mguu umepangwa kwa urefu wa kisigino fulani. Ukibadilisha ukavaa kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, soketi nzima inalala mbele, goti linasukumwa, ncha ya muundi inabanwa mbele na juu nyuma ya goti pia panabanwa, basi unatoka na vidonda viwili vya chanzo kimoja kilichoko chini kabisa kwenye soli. Dada mmoja tuliyekuwa tunakutana naye kliniki alihangaika na soksi miezi, kumbe ni viatu vya harusi aliendelea kuvaa kanisani kila Jumapili.

IKIWA UMESHACHUBUKA

Vua. Najua kazi, najua foleni, najua bosi. Lengelenge usilipasue, funika kwa gozi safi, tembelea magongo mpaka ngozi ifunge na iwe kavu. Ukirudi, rudi kwa saa moja, uangalie, kesho yake mbili. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaotambaa, homa, au kidonda chochote kile kama una kisukari, siku hiyohiyo hospitali, usisubiri kliniki ya Jumatano.

Mkoba wangu wa siku hizi una soksi za pamba mbili, nailoni moja, kitambaa, mfuko usiopitisha maji, kalamu na kioo cha kukunja. Lile kopo la poda nilimpa mdogo wangu, ana mtoto mchanga.